Jicho la Kuazima

Miaka mitatu nilikuwa jicho la mtu.
Nilisimama kwapani mwa Daktari Piroska Vadas,
mkono wangu umepenya chini ya wake,
nimeshika fimbo nyembamba yenye kamera nchani,
nayo imezama kitovuni mwa aliyelala.
"Kushoto," husema. Nasogea.
"Si kushoto kwako, Csongor. Kushoto kwa ini."

Mapigo ya moyo wangu yalionekana kwenye skrini,
tumbo la mgonjwa likiruka dip, dip, dip.
Nikipiga mwayo dunia yote huinama,
ini likapanda mlima, utumbo ukateremka,
na daktari, bila kunitazama,
huuliza kama nimekula asubuhi.

Kisha hospitali yetu ya Debrecen ikanunua mkono wa chuma.
Wa kwanza ulisikia sauti. Siku tatu
alirudia maneno yaleyale mpaka ukamjua:
juu, chini, karibu, mbali, simama.
Ikaja Februari, mafua yakamkaba koo,
akawa mgeni kwa kiumbe alichokifundisha mwenyewe.
"Juu," akakoroma. Kimya. "Juu!" Kimya.
Akamgeukia muuguzi Etelka, sauti imemrudia ghafla:
"Hebu shusha taa chini kidogo,"
na kamera ikatii, ikachungulia chini,
ikajipaka mafuta ya tumbo, skrini ikawa ukungu wa njano.
Tulicheka wote, isipokuwa aliyelala.

Wa pili ulikuja na kanyagio.
Akavua kiatu ili unyayo uone.
Nilizijua soksi zake zote;
ya kijivu, yenye kiraka kisiginoni, ni ya siku ngumu.
Macho juu, mikono kazini,
na mguu chini ya shuka la kijani ukipapasa
kama wa mtu atafutaye ndara usiku wa manane.

Huu wa sasa unafuata kichwa.
Utepe mweusi kwenye paji la uso,
kidude kisichozidi kifungo cha koti.
Akilaza shingo kulia, tumbo zima hugeuka.
Akiinua kidevu, twapanda hadi chini ya kiwambo.
Lakini kichwa hakiamui peke yake:
mguu usipokanyaga, aweza kukubali, kukataa, kupiga chafya,
picha isitikisike.
Kichwa hupendekeza, mguu huridhia.
Nimeona ndoa nyingi zisizo na utaratibu huo.

Wanasema nguo ya kuazima haisitiri.
Na jicho la kuazima je?
Mimi nilikuwa jicho lenye njaa,
jicho lenye haja ndogo, lenye mchumba asiyepokea simu.
Hili la chuma halina mwayo.
Picha imetulia kama maji mtungini,
na chumba kimekuwa kimya. Hakuna anayekaripiwa.

Jumanne tulimpata Bwana Lőrinc, mpeleka barua,
mfuko wake wa nyongo umevimba, umegandana na kila jirani.
Mshipa mdogo ukafyatuka.
Tone moja likaruka, likaziba lenzi.
Nyekundu.
Daktari akageuza kichwa, akakanyaga. Nyekundu.
Akainua kidevu, akakanyaga. Nyekundu.
Mkono wa chuma ulitii kila amri, kwa uaminifu wote,
ukitazama kwa bidii pasipoonekana kitu.

"Csongor."

Hakusema kushoto wala kulia.
Nikafungua kibano, nikachomoa kamera,
nikaichovya kwenye maji ya moto, nikaipangusa,
nikairudisha. Sekunde kumi na moja; Etelka alihesabu.
Mshipa ukaonekana, ukabanwa.
Nikaurudishia mkono wa chuma jicho lake,
nikakaza skrubu,
nikarudi nyuma hatua moja, mahali pangu papya.

Jioni theluji ilikuwa ikianguka.
Nilimwona kituo cha tramu, ng'ambo ya barabara,
kola ameisimamisha hadi masikioni,
akijaribu kusoma namba ya ile iliyokuwa inakuja.
Lori la mikate lilimkinga.
Akalaza kichwa kulia, polepole,
na buti lake la kushoto likakandamiza theluji,
likakandamiza tena,
likingoja mtaa usogee.